Gemu Haifi, Gemu Huuawa

Leo siko na utani mwingi, kwa hivyo tuvumiliane.

Hapa Butali, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, kuna kibanda cha mabati chenye televisheni mbili na PS2 moja iliyo na umri kama wangu. Jamaa wa kibanda bado anachezesha watu PES 6, gemu ya mpira iliyotoka 2006. Diski yenyewe imekwaruzwa hadi unafikiri kuku waliichakura. Ikikataa kusoma, jamaa anaipaka Colgate, anaipangusa na fulana, anairudisha. Inasoma! Adriano wa Inter bado anapiga mashuti ya kumtia kipa uchungu wa mikono. Mechi moja bob 10, ukifungwa unampisha anayengoja.

Sasa chukua simu yangu. Ndani kuna gemu ambayo ile diski inaizidi umri kwa zaidi ya miaka 10. Nikiigusa inafunguka, inaonyesha nembo, inazungusha kiduara, halafu inaniambia haikuweza kufikia seva. Basi. Colgate haiwezi kuisaidia.

Ya zamani iko hai, ya juzi imekufa. Leo nataka tuongee ni kwa nini. Na nataka niseme wazi kwamba nimechoka kusikia "ah, enzi zile!" kutoka kwa watu ambao hawako tayari hata kukasirika kidogo.

Nianze na yangu.

Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nikiwa kidato cha pili. Watoto wa mjini walisomea kwa Zoom, sisi huku tukapalilia miwa. Jioni tulikuwa vijana 11 wenye simu 6. Tukaunda klani katika gemu moja ya vita ya simu. Jina la gemu siweki hapa, sitaki tugeuze hii kuwa vita vya mashabiki. Klani tuliipa jina la mtaa, ila kwa herufi mbili zilizokosewa, kwa sababu "Butali" iliyoandikwa sawasawa ilikuwa imeshachukuliwa na mtu. Hadi leo sijui ni nani.

Tulikuwa tunachanga bando ya usiku, tunakaa nje ya nyumba ya kukhu pale mtandao unaposhika, na tunapigana na watu ambao hatutawahi kuwaona. Ungesikia mtu amepigwa risasi anamwita nyanya yake kwa Kikabras, na kukhu mwenyewe anaitika kutoka ndani akidhani ameitwa. Bana, tulicheka mwaka huo. Watu walikuwa wanakufa kwa taarifa ya saa moja, hakuna shule, hakuna pesa, lakini sisi tulicheka.

Mmoja wetu alifariki 2021. Ajali ya boda, barabara hii hii ya kutoka Kakamega kwenda Webuye. Jina lake ni la familia yake, silitaji. Kwenye gemu mhusika wake alikuwa na kofia ya njano, aliyoinunua kwa bob 50 za kibarua cha kupalilia. Tulimcheka sana kwa hiyo kofia, maana adui alikuwa anamwona kutoka mbali. Usiku baada ya mazishi tuliingia wote kwenye gemu. Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya klani, na jumbe zake za sauti zilikuwa bado kwenye gumzo, anatutukana kwa kuchelewa. Hatukucheza. Tulikaa tu hapo hadi bando ikaisha.

Tuliendelea kufanya hivyo mara moja moja. Mnajua mambo ya wavulana, hakuna mtu alisema kwa nini.

2023 seva zikafungwa. Kulikuwa na notisi ya siku 60, ndiyo, nakubali. Iliwekwa ndani ya gemu. Wakati huo mimi nilikuwa chuo, karo imenishinda, na simu nimeiuza kulipia chumba. Nilipopata simu nyingine gemu ilikuwa imezimwa wiki tatu zilizopita. Kofia, klani, sauti, vyote vimeenda. Notisi ya siku 60 iliandikiwa mtu ambaye simu yake haijawahi kulala kwa fundi miezi mitatu.

Nilibaki na skrinshoti mbili.

Sasa, kila nikisimulia hii hadithi kuna mtu ananiambia "pole, lakini kila kitu kina mwisho." Hapo ndipo ugomvi wangu unaanzia. Gemu si mbuzi. Haizeeki, haishikwi na homa. Msimbo ulioandikwa 2014 unafanya kazi leo vile ulifanya siku ya kwanza, bora kuwe na mashine ya kuuendesha. Gemu ya mtandaoni haifi. Kuna mkutano, kuna watu wamekaa mezani wakaangalia hesabu, na mmoja akasema zima. Huo ni uamuzi. Na uamuzi una mwenyewe.

Angalia jinsi inavyofanya kazi. Ile diski ya PES 6 ina gemu nzima ndani yake: wachezaji, viwanja, sheria, kelele za mashabiki. Kampuni ikifilisika kesho, diski haijui. Gemu ya mtandaoni imekatwa vipande viwili. Kimoja kiko kwa simu yako, kingine kiko kwa kompyuta za kampuni, nchi nyingine. Akaunti yako, vitu ulivyonunua, mechi, na mara nyingi hata ruhusa ya kufungua gemu, viko kule. Wakizima kule, wewe unabaki na ganda la njugu.

Orodha ni ndefu. Club Penguin ilianza 2005, Disney ikainunua 2007, na Machi 2017 ikaizima. Mashabiki walipoijenga upya kwa mikono yao na kuiita Club Penguin Rewritten, nayo ikafungwa Aprili 2022, polisi wa City of London wakaingia na watu watatu wakakamatwa. Hebu fikiria: mwenye mali amekataa kukaa kwa nyumba, na amekataa mtu mwingine yeyote asilale hapo. FarmVille, ile ya Facebook iliyofanya watu wazima waamke saa kumi usiku kuvuna mazao ya uongo, ilizimwa 31 Desemba 2020, siku ambayo Adobe iliacha kuitunza Flash. Apex Legends Mobile ilitoka Mei 2022 na ikazimwa tarehe 1 Mei 2023. Hata mwaka haukuisha! Mtu alinunua nguo za mhusika, keki ya bathidei ya gemu haijakatwa, mlango umefungwa.

Halafu kuna The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari iliyotoka Desemba 2014. Hiyo watu waliinunua dukani kwa pesa kamili. Ungeweza kuendesha gari peke yako ndani yake, bila kushindana na mtu, lakini bado gemu ilidai seva kila ukiifungua. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Diski iko kwa kabati, risiti iko, gemu haifunguki. Na miezi michache kabla ya hapo, Januari 2024, mkurugenzi mmoja wa Ubisoft alieleza kwamba ili biashara ya kulipia gemu kila mwezi ikue, wachezaji itabidi wazoee kutomiliki gemu zao. Tuzoee. Sawa.

Mtu wa Kakamega hahitaji mfano wa mbali kuelewa hili. Mumias Sugar iliwekwa chini ya mrasimu Septemba 2019. Sisemi mambo yalienda vizuri, waulize wakulima wenyewe. Lakini mitambo haikuyeyuka. Kiwanda kilibaki kimesimama pale pale, na Desemba 2021 kampuni ya Sarrai ikakodishwa. Mtu mwingine aliweza kupewa ufunguo. Kwenye gemu, mwenye kiwanda anaondoka, anakichoma kiwanda, na anachoma pia miwa yako iliyokuwa kwa trela.

Najua mtanijibu nini, kwa hivyo tujibizane hapa hapa.

La kwanza: "Seva zinagharimu pesa, kampuni haiwezi kuziendesha milele." Ni kweli. Na hakuna mtu mwenye akili ameomba milele. Tunaomba kitu kidogo: ukiondoka, acha ufunguo. Ondoa lile sharti la seva ili anayecheza peke yake aendelee, au toa programu ya seva ili mashabiki waendeshe yao kwa gharama yao. Usiniambie haiwezekani. Knockout City ilipozimwa Juni 2023, watengenezaji wake, Velan Studios, walitoa toleo la kompyuta ambalo wachezaji wanaweza kuliwekea seva zao wenyewe. City of Heroes ilizimwa Novemba 2012, mashabiki wakaifufua, na Januari 2024 NCsoft, kampuni ile ile iliyoizima, ikawapa mashabiki hao leseni rasmi. Inawezekana. Ni vile tu wengi hawataki.

La pili: "Kuna leseni za magari na za wachezaji wa mpira, zikiisha gemu lazima iondolewe." Iondolewe dukani, sawa. Duka likikosa ruhusa ya kuuza soda fulani, linaacha kuuza. Halitumi mtu kwa nyumba yako kuchukua chupa uliyolipia jana.

La tatu, na hili ndilo hunichoma: "Gemu ilikuwa ya bure, unalilia nini?" Bure? Klani bila watu ni chumba kitupu. Yule tajiri aliyenunua bunduki ya dhahabu aliinunua ili amwonyeshe nani? Sisi. Sisi wa bando ya bob 20 ndio tulikuwa umati wa uwanja, na uwanja bila umati hauuzi tiketi. Tuliweka saa zetu, tukaweka marafiki zetu, na tukaweka zile bob 50 zetu, ambazo kwa mtu wa kupalilia ni jasho la asubuhi. Mwaka 2024 Sony ilitoa gemu inayoitwa Concord tarehe 23 Agosti na ikaiondoa tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu, na waliokuwa wameinunua wakarudishiwa pesa. Kumbe kurudisha pesa kunawezekana kampuni ikiona aibu vya kutosha.

La nne ni la wazee: "Huo ni utoto, tafuta kazi." Mzee wangu hadi leo anasimulia AFC Leopards ya 1982 hadi 1984, vile Ingwe ilichukua Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo. Anataja wachezaji, anainuka kwa kiti, anapiga mpira wa hewa, anagonga meza. Hakuna mtu huambia mzee kwamba mpira ni utoto. Ujana wake ulikuwa uwanjani, wangu ulikuwa kwa skrini iliyopasuka pembeni. Tofauti ni moja tu: hakuna kampuni inayoweza kuamka kesho ifute Ingwe ya 1983. Ujana wangu mimi una mwenye swichi.

Sasa nirudi kwa wale wa "enzi zile". Nawapenda, lakini mnanikera. Kila wiki kuna video: muziki wa huzuni, picha za gemu za kitambo, "kama unakumbuka hii utoto wako ulikuwa mtamu". Mnalia, mnashea, mnaenda kununua nguo mpya za mhusika kwa gemu nyingine ambayo pia ina mwenye swichi. Huzuni yenu haiwasumbui wenye kampuni hata kidogo. Inawafaa! Miaka 10 baadaye watakuuzia gemu ile ile imepakwa rangi mpya, na utanunua ukilia. Kukumbuka bila kudai ni kuja matangani kula tu.

Kuna mtu alikataa kula tu. Anaitwa Ross Scott, ni mtu wa YouTube, kazi yake ni kama hii yangu. The Crew ilipozimwa, Aprili 2024 akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Wengi walimcheka. Kufikia 31 Julai 2025, ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni 1, kiwango kinacholazimisha Tume ya Ulaya kulijibu. California nayo, kwa sheria iliyoanza kufanya kazi Januari 2025, haimruhusu muuzaji wa gemu za kupakua kutumia neno "nunua" kama hajakuambia wazi kwamba unachopata ni leseni tu. Na Ubisoft? Baada ya kelele za kuzimwa kwa The Crew ikaahidi kwamba The Crew 2 itapata njia ya kuchezwa bila mtandao. Kumbe kelele hufanya kazi. Machozi peke yake hayakufanya.

Lakini hapa ndipo inaniuma. Nilienda kutia sahihi. Haiwezekani. Ni ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Pesa yangu ya Butali inahesabiwa, sahihi yangu ya Butali haihesabiwi.

Basi tusingoje Ulaya itutetee. Kenya inatoza VAT ya asilimia 16 kwa huduma za kidijitali ambazo kampuni za nje zinatuuzia. Maana yake serikali inakubali kwamba hapa kuna mauzo, kuna muuzaji na kuna mnunuzi. Sasa kama kuna mnunuzi, Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kufaidi alicholipia, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kila mtu! Hata aliyeacha chuo. Sisi ni kizazi kilichosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kipengele kwa kipengele hadi ukaondolewa. Msiniambie tutashindwa kuandika ukurasa mmoja kuhusu gemu.

Na tusijifanye malaika pia. Sisi wenyewe tulikuwa na Ma3Racer, gemu ya mbio za matatu iliyotengenezwa Nairobi na Planet Rackus kwa simu za Nokia. Ilikuwa yetu kabisa, mabarabara yetu, wazimu wetu. Duka la programu la Nokia likabadilishwa mwanzoni mwa 2015 likawa la Opera, dunia ikahamia Android, na leo ukimuuliza mtoto wa miaka 15 atakuangalia tu. Kwa hivyo nyinyi wasee mnaotengeneza gemu hapa Kenya, andikeni leo mtaziacha vipi siku mkichoka nazo. Msingoje mkutano wa kuzima.

Mimi naomba vitu vinne. Kwanza, kabla sijalipa, niambiwe kama nanunua au nakodi, kwa lugha ninayoielewa. Pili, notisi ya kuzima iwe ya mwaka mzima, na itumwe kwa SMS au barua pepe pia, isiachwe ndani ya gemu pekee. Tatu, sarafu ambazo sijazitumia zirudi kwa M-Pesa yangu. Nne, ufunguo ubaki, na kila mtu apewe nafasi ya kuhifadhi kilicho chake: jina, picha, sauti.

Hasa sauti.

Juzi nilipita kwenye kile kibanda nikamkuta mdogo wake yule rafiki yetu. Amekuwa mrefu sasa, anacheza na Inter, Adriano anampa raha. Mechi ilipoisha akaniuliza ile kofia ya bro yake ilikuwa inakaa aje, kwa sababu nyumbani husikia tukiicheka tu. Nikatoa simu. Skrinshoti ya kwanza ni matokeo ya mechi, majina tu. Ya pili yuko, amesimama katikati yetu, lakini nilipiga vibaya, picha imemkata shingoni. Kofia haionekani.

Nikamwambia ilikuwa ya njano.

Rasimu ya ombi la Bunge nimeianza jana usiku. Kama unasomea sheria, au unajua mtu anayesomea, nitafute tuimalize. Wengine wote, leo kabla hujalala, fungua hiyo gemu unayoipenda na uhifadhi chochote unachoweza. Halafu rudi hapa tudai kile ambacho hukuweza.